Moshi Unaoingia Ndani Kwako: Uanzie Serikali ya Mtaa, NEMC au Mahakamani?

Dar es Salaam haijakosa sheria ya hewa safi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema wazi katika kifungu cha 4 kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitoka mwaka 2007. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuamuru kero inayodhuru afya iondolewe. Hata hivyo, jioni ikiingia Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto, takataka zinawashwa uani, gereji inapuliza rangi bila ukuta wala paa, na anayeyeyusha vyuma chakavu anasubiri usiku uingie ndipo awashe tanuri lake.

Watu hawanyamazi kwa kupenda. Wananyamaza kwa sababu hawajui malalamiko yaende wapi, au waliyapeleka kwa asiye na uwezo wa kuyashughulikia, wakazungushwa, wakaishia kusema mwenye nguvu mpishe. Mimi sikubaliani na msemo huo linapokuja suala la pumzi ya mtoto. Lakini nakubali kwamba anayechoma taka nyuma ya nyumba yako hashughulikiwi kama kiwanda chenye bomba refu na mawakili wake, na anayekosea mlango hupoteza miezi.

Milango iliyo wazi kwa mkazi wa kawaida ni mitatu: serikali ya mtaa pamoja na manispaa yake, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na mahakama. Hakuna hata mmoja unaowafaa wote.

Vigezo vya kupimia

Nimeipima yote mitatu kwa mambo matano. La kwanza, moshi ni wa nani: jirani, gereji ya mtaani, kiwanda, au taasisi ya serikali yenyewe. La pili, haraka: unahitaji nafuu wiki hii, au unaweza kusubiri ili tatizo lifike mwisho? La tatu, gharama, kwa pesa na kwa siku za kazi utakazokosa. La nne, uzito wa amri: mwenye moshi akikaidi, nini kinamfika? La tano, ujirani, yaani utaishije na watu hao baada ya kulalamika. Wengi hulidharau hili la tano mwanzoni, na ndilo linalowafanya wafute malalamiko katikati ya safari.

Ushahidi sikuuweka kwenye vigezo, kwa sababu mlango wowote utakaougonga utauhitaji. Nauanza huo.

Kabla ya mlango wowote, daftari

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na haikuchukua muda ikawa adimu masokoni. Wengi huuliza kwa nini ukali ule haujafika kwenye moshi. Sababu moja ni kwamba mfuko unashikika: afisa anaukuta mezani kwa muuzaji, na kosa ndilo hilo hapo. Moshi wa saa nane za usiku, afisa akifika saa tatu asubuhi, haupo tena. Anakuta majivu, na mwenyewe anasema walikuwa wanachemsha chai. Kwa hiyo anayelalamikia hewa lazima aje na kumbukumbu, la sivyo ni neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Chukua daftari la kawaida la shule. Andika tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokoma, rangi yake, harufu yake (mpira, plastiki, rangi, mafuta machafu), unatokea wapi, na nani nyumbani alikohoa au kupelekwa zahanati. Halafu andika upepo. Hapa pwani upepo ni nusu ya kesi. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, upepo unatoka kusini. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Desemba hadi karibu na masika, unatoka kaskazini mashariki. Nyumba iliyo upande wa kaskazini wa kiwanda itateseka miezi ya kusi na kupata nafuu miezi ya kaskazi. Mkaguzi akija Januari kufuatilia lalamiko la Julai, anaweza kusimama mlangoni kwako asinuse kitu, akaondoka akiamini umetia chumvi. Daftari lenye misimu yote miwili linamjibu kabla hajauliza. Vilevile alfajiri hewa ikiwa imetulia moshi hukaa chini, na adhuhuri upepo wa bahari unapoamka hutawanyika. Kama ukaguzi wote unafanywa saa sita mchana, lisemeni hilo kwenye barua.

Picha na video zichukuliwe pamoja na kitu kisichohama: nguzo ya umeme, bango la duka, mnara wa msikiti. Karatasi za zahanati zitunzwe. Na mtu asikutishe kwa kusema "mbona moshi wenyewe hauonekani". Chembe zinazoumiza zaidi, zile za chini ya mikromita 2.5, ni ndogo mno hata unywele, wenye unene wa mikromita 70 hivi, ni kama gogo mbele yake. Zinapita koo, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Ni kwa sababu yake Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango linachokipendekeza cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Kazi ya kupima kwa vifaa ni ya wataalamu. Yako ni kuonyesha kwamba kuna sababu ya wao kuja kupima.

Mwisho kabisa, barua. Iwe nakala mbili, na moja uondoke nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Simu haina muhuri. Kundi la WhatsApp la mtaa nalo halina.

Mlango wa kwanza: serikali ya mtaa na manispaa

Njia hii inaanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, inapanda kwa mtendaji wa kata na afisa afya wa kata, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana afya, kisha inafika kwa afisa mazingira wa halmashauri. Dar ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo Ilala ya zamani, iliyopandishwa hadhi mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hakikisha yako kabla hujapanda daladala. Tandale na Manzese zimekaribiana hadi mgeni hajui ametoka lini moja na kuingia nyingine, lakini Tandale iko Kinondoni na Manzese iko Ubungo, na ofisi moja haitasikiliza moshi wa ofisi nyingine.

Moshi wa nani. Mlango huu ni wa moshi mdogo unaotoka karibu: shimo la taka la jirani, fundi anayepuliza rangi barazani, karakana ya mbao, jenereta lililoelekezwa dirishani kwako, banda la kukaanga samaki. Kiwanda kikubwa hakitikiswi kirahisi na barua ya mtaa, ingawa barua hiyo itakufaa baadaye kama ushahidi kwamba ulianzia chini.

Haraka. Hakuna njia inayoishinda kwa siku za mwanzo. Mtendaji akiwa mtu wa kazi, mnaweza kukaa kikao wiki hiyo hiyo. Akiwa mzito, barua italala mezani hadi umfuate, na hapo ndipo muhuri wako unapokuwa na maana: baada ya wiki mbili au tatu za kimya, unaipandisha kata, kisha manispaa, ukiambatisha nakala.

Gharama ni nauli na fotokopi. Usilipe "gharama za kumleta afisa" kwa mtu yeyote asiyekupa risiti ya serikali.

Uzito wa amri. Afisa afya anaweza kutoa notisi ya kuondoa kero kwa siku kadhaa, na asiyetii anaweza kufikishwa mahakamani. Halmashauri ina sheria ndogo za usafi na faini zake. Shida ya faini hizi ni kwamba mwenye karakana kubwa hazisikii, wakati mama lishe zinamwangusha. Hili linaniuma na nitalisema bila kuzunguka. Mama anayepikia mafundi kwa mkaa anavuta moshi wa jiko lake mwenyewe kuliko unavyouvuta wewe. Mgambo wakibeba sufuria zake, wiki ijayo atawasha jiko lingine kona ya pili, na mtaa umebaki na moshi ule ule pamoja na chuki. Kwa mtu kama huyo uende na ombi linalotekelezeka: banda lisogezwe mita kadhaa, jiko banifu, au bomba la bati linalopandisha moshi juu ya paa. Mtendaji anaweza kusimamia makubaliano ya namna hiyo na kuyaandika, na yakiandikwa yana nguvu.

Na taka. Kabla hujamshitaki jirani kwa kuchoma, jiulize gari la taka lilipita lini. Mitaa mingi inalipa ada ya taka kila mwezi, gari likikaa wiki mbili bila kuonekana mifuko inajaa, funza wanatoka, na kiberiti kinakuwa ndiyo suluhisho pekee. Hapo mlalamikiwa wa kweli ni mzabuni wa taka na manispaa iliyompa kazi. Andika kwenye daftari siku gari lilipokuja na siku lilipokosa. Lalamiko la nyumba kumi likiambatana na orodha hiyo linambana mhusika kuliko ugomvi wa nyumba mbili.

Ujirani. Ni mlango unaoweza kuutengeneza au kuuvunja. Kikao cha mtaa kikiendeshwa kwa heshima, watu hutoka wamepeana mikono. Lakini siri haipo: kila mtu atajua nani alilalamika. Ndiyo maana nashauri uende kwanza nyumbani kwa mwenye moshi, upige hodi, umwamkie inavyostahili umri wake, useme shida bila kutaja ofisi yoyote. Mara nyingine mtu kweli hakujua moshi unakwenda wapi ukishavuka ukuta wake.

Inawafaa wenye tatizo la jirani hadi jirani, wapangaji wasio na fedha, na yeyote anayetaka nafuu mapema kuliko hukumu.

Mlango wa pili: NEMC

Baraza hili lilianzishwa mwaka 1983, likapewa meno na sheria ya 2004. Lina ofisi za kanda, Dar ikiwemo, hivyo huhitaji kusafiri kwenda Dodoma. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa kwenye mchakato wa kuligeuza kutoka Baraza kuwa Mamlaka kamili, hoja ikiwa kwamba chombo kinachodhibiti kinahitaji nguvu na uhuru kuliko chombo kinachoshauri. Kwa mlalamikaji jambo la kutazama si jina la kwenye kibao. Tazama kama wakaguzi wanaongezeka, kama vifaa vya kupimia hewa vinafika mtaani, na kama taarifa za ukaguzi zinatolewa kwa wanaovuta moshi wenyewe.

Moshi wa nani. Huu ni mlango wa viwanda, matanuri, machimbo ya kokoto, mitambo, maghala ya kemikali, na kila mradi ambao kisheria ulipaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Hapo ndipo penye ufunguo ambao wakazi wengi hawautumii. Mradi wenye cheti cha tathmini una masharti: urefu wa bomba, kichujio, namna ya kuzuia vumbi, pengine saa za kazi. Kwenye barua yako uliza mambo mawili: je, mradi huu una cheti, na masharti yake kuhusu hewa ni yapi? Kama hakuna cheti, kosa limeshapatikana kabla hata moshi haujapimwa. Kama kipo, lalamiko lako linatoka kwenye "tunaumia" na kuwa "sharti hili limevunjwa, tarehe hizi na hizi", na mkaguzi anajua aanzie wapi.

Haraka. Hapa sitakudanganya. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na wakaguzi hawawezi kuwa kila mahali. Lakini Baraza likiamua linakwenda kasi: mwaka 2023 lilifungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele, na wamiliki waliozoea kupuuza barua za mtaa walipata habari wakiwa wamesimama nje ya milango iliyofungwa. Kelele na moshi vinasimamiwa na sheria ile ile ya 2004. Lalamiko lililojaa tarehe na lenye sahihi za nyumba nyingi lina nafasi kubwa ya kupanda juu ya rundo.

Gharama. Kulalamika hakulipiwi. Utakachotumia ni muda wa kufuatilia, na utafuatilia kweli.

Uzito wa amri. Wakaguzi wana uwezo wa kuingia, kukagua, kuchukua sampuli, kutoa amri ya kusimamisha shughuli na amri ya kurekebisha uharibifu. Sheria ya 2004, ilivyotungwa, iliweka kwa kosa la kuchafua mazingira faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Ni adhabu nzito kwenye karatasi. Udhaifu wake ni ule unaojulikana na kila anayeishi kando ya kiwanda: kwa mzalishaji mkubwa faini inaweza kugeuka kuwa gharama ya biashara, anailipa kama anavyolipa umeme, kisha anaendelea. Kwa sababu hiyo barua yako isiombe adhabu peke yake. Omba kitu kinachobadilisha hewa: kichujio kifungwe kufikia tarehe fulani, tanuri lisiwashwe usiku hadi kifungwe, barabara ya malori imwagiliwe maji, na wakazi wapewe nakala ya matokeo ya ukaguzi unaofuata. Wengi husahau hilo la mwisho, na bila hilo hamjui kama amri imetekelezwa au imesahauliwa.

Ujirani. Kiwanda hakina uso wa jirani, lakini kina waajiriwa, na baadhi yao ni wapangaji wa nyumba mnazoishi. Watakuuliza: kikifungwa tule wapi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu lake ni lile lile la kichujio badala ya kufuli. Unaweza pia kuomba jina lako lisitajwe kwa mwenye kiwanda. Barua ikiwa ya kamati ya mazingira ya mtaa, hakuna mtu mmoja wa kunyooshewa kidole.

Inawafaa walio jirani na chanzo kikubwa au chenye mitambo, na mitaa iliyokwisha kujaribu manispaa bila mafanikio.

Mlango wa tatu: mahakama

Kuna habari ya jiji hili hili ambayo kila anayepumua moshi wa Dar anapaswa kuijua. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji katika Mahakama Kuu, shauri la madai namba 299 la mwaka huo, kwa sababu ya dampo lililokuwa likiungua na kuwafukizia moshi na uvundo. Wakashinda, Jiji likaamriwa kuacha kutupa taka pale. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Ilipofika 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaifungamanisha hoja hiyo na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Haya yalitokea miaka kumi na zaidi kabla ya sheria ya 2004.

Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi 795 wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 1991, nao wakapata amri. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na leo zinapelekwa Pugu Kinyamwezi. Mwenye kusoma kesi hizi anaona mambo mawili kwa pamoja: mahakama inaweza kuilazimisha hata serikali, na mahakama humlinda aliyefika mbele yake, si yule ambaye moshi utahamia kwake kesho.

Moshi wa nani. Yeyote, na hasa pale mchafuzi ni chombo cha serikali au kampuni iliyokwisha kupuuza amri za ofisi nyingine. Kifungu cha 5 cha sheria ya 2004 kinamruhusu mtu kufungua shauri dhidi ya anayehatarisha afya au mazingira. Kwa mashauri ya kikatiba njia imebana zaidi: tangu marekebisho ya 2020 anayefungua anatakiwa kuonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Karatasi za zahanati ulizotunza zinafanya kazi hapo.

Haraka. Hukumu hukaa. Ukiishitaki halmashauri au serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Dhidi ya mtu binafsi au kampuni unaweza kuomba zuio la muda wakati kesi inaendelea, na zuio hilo ndilo tegemeo la wenye wagonjwa nyumbani. Kumbukeni tu kwamba Tabata, hata baada ya kushinda, walisubiri hadi 1991.

Gharama. Wakili, ada za kufungua, nakala, ushahidi wa kitaalamu, na siku nyingi za kwenda na kurudi. Kundi la nyumba ishirini likichangishana linapumua. Mtu mmoja huchoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa asiye na uwezo, na jijini kuna taasisi kama LEAT, ya wanasheria wa mazingira, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambako unaweza kuanza kwa kuuliza kama shauri lako lina miguu.

Uzito wa amri. Hakuna kizito zaidi. Amri ya mahakama ikidharauliwa, aliyeidharau anajibu kwa dharau hiyo, na ni mlango huu unaoweza kukupa fidia kwa madhara uliyoyapata.

Ujirani. Dhidi ya kampuni au Jiji si tatizo kubwa. Dhidi ya mtu mnayekutana naye kisimani na msibani, kesi hukata undugu. Kwa jirani ningeiacha iwe ya mwisho kabisa.

Inawafaa makundi yenye umoja na uvumilivu, wenye madhara yanayothibitika, na wale ambao mchafuzi wao ndiye aliyepaswa kuwalinda.

Milango ya pembeni

Kama unaumia ukiwa kazini, ndani ya karakana au kiwanda, nenda OSHA. Ni wao wanaosimamia usalama na afya mahali pa kazi. Daladala au basi linalotoa moshi mweusi ni la polisi wa usalama barabarani na LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), ukitaja namba za usajili, njia na saa. Jiko la kuni la shule au chuo lina agizo lake: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa, basi mwandikie mkuu wa taasisi kwanza, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Kwa hali yako

Jirani anachoma taka au plastiki: hodi kwanza, kisha mtendaji wa mtaa, huku mkidai gari la taka kwa barua ya pamoja. NEMC watakurudisha huko huko.

Gereji au karakana ya mbao katikati ya makazi: anza kwa afisa afya wa kata, omba notisi ya maandishi. Fundi akihamishia kazi usiku kukwepa ukaguzi, andika saa zote na upande manispaa. Ikiwa ina mitambo mikubwa au tanuri, peleka nakala NEMC siku hiyo hiyo. Hakuna sheria inayokutaka umalize ofisi moja ndipo uende nyingine.

Kiwanda chenye bomba: NEMC, kupitia kamati ya mtaa, kwa swali la cheti na masharti. Baada ya miezi mitatu hivi ya kimya au ya ahadi, mtafuteni mwanasheria huku mkiendelea kufuatilia.

Dampo, machinjio au mtambo wa halmashauri yenyewe: kuilalamikia manispaa kwa manispaa ni sawa kwa kumbukumbu tu. Andikieni NEMC na wakati huo huo toeni notisi ya siku 90, kwa sababu siku hizo hazianzi kuhesabiwa hadi muitoe.

Una mgonjwa wa pumu au mtoto mchanga na huwezi kusubiri: nenda mtaani leo kwa nafuu ya muda, kwa mfano saa za kutowasha, na umwombe daktari aandike kwenye karatasi kwamba moshi unachochea hali hiyo. Karatasi hiyo ndiyo itakayobeba maombi ya zuio kama mtafika mahakamani.

Wewe ni mpangaji na unaogopa mwenye nyumba, pengine kwa kuwa yeye ndiye mwenye karakana: usisaini peke yako. Zungumza na wajumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa, waombe waandike kwa jina la kamati, na daftari lako uwape nakala huku la asili likibaki kwako.